Kipimo kinasema yai halitoki, daftari langu linasema vingine

Shikamoo Anti,

Nina miaka 32, naishi Tabata na nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Ndoa yangu ina miaka mitatu na sijawahi kushika ujauzito, hata wa kuharibika. Uzazi wa mpango situmii. Zamani nilikuwa nachoma sindano, nikaacha muda mrefu kabla ya kuolewa.

Siku zangu hazieleweki. Hazikati kabisa, ila zinakuja zinapojisikia. Mwaka jana nilienda zahanati moja nikaandikiwa kipimo cha homoni, nikaambiwa nikifanye siku ya 21 tangu nione damu. Majibu yakatoka kwamba projesteroni iko chini, yai halitoki, homoni zimevurugika. Nikapewa vidonge vya kumeza kuanzia siku ya 16 hadi ya 25 kila mwezi. Nikameza miezi minne, hamna kitu. Wifi yangu akanipeleka kwa mama mmoja anayeuza dawa za kusafisha kizazi, nikanunua chupa mbili za maji meusi na vile vipira vya kuweka ukeni. Nikatokwa na uchafu mwingi, yule mama akasema ndiyo ugonjwa unatoka. Ugonjwa ukatoka, hela ikatoka, mimba haikuingia.

Kanisani kwetu kuna mke na mume wanaofundisha wanandoa njia ya asili ya kupanga uzazi. Wenzangu wanaenda ili wasishike, mimi nilienda ili nishike. Wakanifundisha kuandika kila siku damu, ute, na joto la mwili asubuhi kabla sijatoka kitandani. Nimeandika mizunguko mitano. Ilikuwa ya siku 36, 41, 35, 44 na 37. Ule wa 36, wa 35 na wa 37, joto lilipanda mwishoni likabaki juu siku tisa hivi, zile mbili za mwisho natoa matone ya kahawia, halafu damu yenyewe inakuja. Ule wa 41 na wa 44 joto halikupanda kabisa, limecheza hukohuko chini. Walimu wangu wanasema joto likipanda likakaa, yai limetoka. Sasa mbona kipimo kinasema halitoki? Nilimpelekea nesi daftari akacheka, akasema hayo mambo ya kizamani, siku hizi kuna mashine. Na programu ya kwenye simu inaniambia siku zangu za hatari ni ya 12 mpaka ya 16, mwezi hadi mwezi ni hivyohivyo, na ndizo tunazozifuata.

Mengine sijui kama yanahusu. Nywele zinakatika sana, namezea vidonge vya nywele vya dukani. Nachoka hata sijabeba kitu, choo ni kigumu, na siku hizi naomba feni izimwe usiku, mume wangu ananishangaa, Dar hii! Na chuchu nikizibinya zinatoa maji meupe kama maziwa, nilidhani ni kawaida ya wanawake.

Mume wangu ni mpole ila habari ya kupima hataki kuisikia. Anasema mwenye siku za ajabu ni mimi, yeye kila kitu kinafanya kazi. Mama mkwe ameanza kuuliza kwa mafumbo. Anti, hili daftari lina maana yoyote kwa daktari au nilitupe?

Mama wa Daftari, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Usilitupe. Na usimgombeze aliyekupima, maana alichofanya kinafanyika kila siku katika mji huu. Daftari lako na kile kipimo havipingani. Tatizo ni tarehe.

Projesteroni haiko mwilini kwa wingi muda wote. Yai likishatoka, pale lilipotokea kwenye kifuko cha mayai hubaki kitezi cha muda, na hicho ndicho kinachoimwaga. Inapanda, inafika kilele kama siku saba baada ya yai kutoka, kisha inashuka na damu inakuja. Ile siku ya 21 imetokana na mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28: yai siku ya 14, jumlisha saba. Kwa mwanamke huyo ni tarehe nzuri kabisa. Wewe sasa. Mzunguko wako wa siku 36 ulikuwa na siku tisa za joto la juu, kwa hiyo yai lilitoka kwenye siku ya 26 au 27. Ule wa 35 ni siku moja nyuma, ule wa 37 siku moja mbele. Kama mwaka jana ulikuwa unaenda hivyohivyo, siku ya 21 yai lilikuwa bado halijatoka. Kupima projesteroni siku hiyo ni sawa na kwenda Feri kutafuta samaki kabla ngalawa hazijarudi, kisha ukatangaza kwamba bahari imekauka.

Kipimo hicho kirudiwe, na tarehe yake itoke kwenye daftari. Ukiona asubuhi tatu mfululizo joto liko juu ya zile sita zilizotangulia, hesabu kuanzia ile ya kwanza kupanda, na damu ichukuliwe kati ya siku ya tano na ya saba. Majibu yakizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Angalia na kizio kilichoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, na namba hiyohiyo inakuwa kubwa zaidi ya mara tatu. Halafu projesteroni humwagwa kwa mawimbi, saa hii iko juu, baada ya saa chache imeshuka. Namba moja ya chini haitoshi kumhukumu mtu kwamba hatoi mayai, seuze iliyopimwa siku isiyo yake.

Vidonge vya siku ya 16 hadi ya 25 navyo ni tarehe ileile iliyokosewa. Umemezeshwa homoni ya baada ya yai wakati yai lenyewe bado linakomaa. Homoni za jamii hiyo zikitangulia zinaweza kulichelewesha yai au kulizuia, na zinaugandisha ute ambao mbegu za mwanaume zinauhitaji ili zipite. Hukuniambia kama mizunguko hii mitano umeiandika baada ya kuviacha. Kama kuna uliouandika ukiwa unameza, uwekee alama, kwa sababu baadhi ya vidonge vya projesteroni vinapandisha joto vyenyewe, na daktari anaweza kudhani ni yai.

Nesi aliyesema mambo ya kizamani hakukosea sana kwa upande wa umri. Kwamba joto la mwanamke hupanda katika nusu ya pili ya mzunguko limejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Habari za ute zilianza kuwekewa utaratibu Melbourne, Australia, mwaka 1953, na Daktari John Billings, baadaye akiwa na mkewe Evelyn, naye daktari. Walimu wako wa kanisani, kwa unavyoeleza, wamekunywa kwenye kisima hicho au cha jirani yake. Huko Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, Daktari Thomas Hilgers na wenzake walichukua ule ute wakaupa alama zinazofanana kwa kila anayejaza, wakauita utaratibu wa Creighton, na yeye akaujengea tiba nzima. Damu haichukuliwi kwa kalenda, inachukuliwa kwa kuhesabu kutoka siku ya mwisho ya ute wa kuteleza, na dawa hutolewa kwa hesabu hiyohiyo. Maoni yangu ni haya: hesabu ya tarehe ni sahihi, na daktari yeyote, awe wa dini gani, anaweza kuitumia. Zile sifa kwamba tiba hiyo inashinda nyingine zote sizibebi, kwa sababu majaribio yanayogawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kulinganisha bado ni machache.

Sasa daftari lako linasema nini. Mizunguko ya mtu mzima inayohesabiwa ya kawaida ni ya siku 24 hadi 38, kwa hiyo mitatu yako imo ndani na miwili imetoka nje. Hiyo miwili isiyo na joto la kupanda, yaelekea yai halikutoka. Hiyo mitatu, yai laelekea limetoka, ila kwa kuchelewa. Na nusu ya pili ni fupi. Wengi wanakuwa na siku 12 hadi 14 kati ya yai na damu, na chini ya siku 10 ni fupi. Wewe una tisa, na za mwisho zina matone. Kwa hiyo yule aliyekuambia homoni haziko sawa anaweza kuwa alifika mahali pa kweli kwa njia isiyo ya kweli.

Hapo ndipo chati inapokomea. Haikuambii kwa nini. Mchoro kama wako unaweza kuletwa na tezi ya shingoni iliyolegea, na homoni ya maziwa iliyopanda, na PCOS, ile hali ambayo mayai yanaanza kukua mengi na hakuna linalomaliza, na kupungua mwili ghafla, na kula kidogo kuliko kazi unayofanya. Mtu akikuangalia chati tu akakutajia ugonjwa, tena akakuuzia na dawa palepale, funga daftari uondoke.

Mimi kilichonishtua kwenye barua yako hakiko kwenye daftari. Kiko kwenye ile aya uliyoipitia haraka ukisema hujui kama inahusu. Mwanangu, inahusu. Maziwa kutoka kwa mwanamke ambaye hajazaa wala hanyonyeshi, hayo ni ya kupimwa. Weka hapo uchovu, choo kigumu, nywele kukatika, na baridi ya feni. Tezi ya shingoni, ile ya thairoidi, ndiyo inayopanga mwili uende kasi gani. Ikilegea, mtu anapoa, tumbo linapoa, nywele zinaachia. Ubongo ukiona tezi haifanyi kazi huongeza amri, na amri hiyohiyo huigusa pia sehemu inayotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikipanda hukandamiza ishara zinazokwenda kwenye vifuko vya mayai. Yai linachelewa, au halitoki, au linatoka na kuacha kile kitezi dhaifu kisichofikisha siku zake. Unaona jinsi mambo uliyoyaandika mbalimbali yanavyoweza kuwa jambo moja?

Sikuambii kwamba ndilo ulilonalo. Uchovu una sababu 100, na upungufu wa damu ni mojawapo. Nakuambia kwamba mtu mwenye dalili hizi kuzunguka mwaka mzima bila kupimwa TSH, ile amri ya ubongo kwa tezi, na prolaktini ni jambo lisilopaswa kutokea, na ndilo la kulianza Jumatatu.

Uzuri ni kwamba vipimo hivi viwili havingoji siku ya mzunguko. Ila vina adabu zake. Fanya kwanza kipimo cha mimba, hata kama umeshakata tamaa nacho, maana mimba yenyewe hupandisha prolaktini na kwa siku kama zako mtu anaweza kuwa nayo asijue. Nenda asubuhi, si mara tu baada ya kuamka, ukae utulie kabla ya sindano. Acha kuzibinya chuchu kuanzia leo, kwa sababu kuzibinya kwenyewe kunaita maziwa. Vidonge vya nywele viangalie kwenye kopo: vikiwa na biotini, aina ya vitamini, na vingi vinayo tena nyingi, viache siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu na umwambie mtu wa maabara. Biotini haiharibu tezi, inaharibu kipimo. Kwenye baadhi ya mashine inaishusha TSH kwa uongo, na wewe unayetafuta tezi iliyolegea utaambiwa uko salama. (Nesi na mashine yake!) Na kama kuna dawa unameza ya kichefuchefu, hasa metoklopramidi, au ya usingizi au ya akili, ipeleke na paketi yake. Kadhaa kati ya hizo hupandisha prolaktini.

Ikitokea TSH iko juu, dawa yake ni levothairoksini, kidonge kidogo ambacho ni cha kuheshimu. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vikae mbali nacho kwa saa nne. Damu hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Mara nyingi tezi ikitengemaa, prolaktini nayo hushuka bila dawa yake, ndiyo maana daktari makini haanzi na dawa ya kukausha maziwa kabla hajaiona TSH. Kama tezi ni nzima na prolaktini peke yake ndiyo iliyo juu, ikarudiwa ikawa vilevile, kuna dawa za kuishusha, kabagolini na bromokriptini, na unaweza kupigwa picha ya kichwa kuangalia ile tezi ndogo chini ya ubongo. Ukianza kuumwa kichwa kusikoisha, au ukaona pembeni kumekuwa giza unapotazama mbele, hiyo si ya kungoja tarehe ya kliniki.

Na vyote viwili vikiwa salama? Basi PCOS ipewe zamu yake. Hutambuliwa kwa kuwepo mawili kati ya matatu: mizunguko iliyovurugika, dalili za homoni za kiume kuzidi kwa mwili au kwa damu, na vifuko vyenye vijiyai vingi kwenye utrasaundi. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, kwa mtu mzima kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye vijiyai hivyo, kinaweza kuchukua nafasi ya hiyo utrasaundi. Utrasaundi peke yake haitoshi. Wapo wanawake wengi wenye vijiyai vingi wanaozaa kila wakitaka, na huku mtaani mtu akitoka na karatasi ya utrasaundi tayari kashajiita mgonjwa. Ikithibitika na yai linahitaji kusukumwa, dawa inayoanza siku hizi ni letrozoli, chini ya daktari. Usiinunue mwenyewe kwa kusikia jirani kapata mapacha.

Kuhusu nusu ya pili fupi yenyewe: usikimbilie kutafuta tena vidonge vya projesteroni. Kwa mtu anayetafuta mimba kwa njia ya kawaida haijathibitika kwamba kuirefusha kwa vidonge kunaleta mtoto. Kinachotibiwa ni kilichoifupisha.

Na hapa daftari linapata kazi yake ya pili, ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza. Ukishaanza dawa, liendelee. Maabara itakuambia TSH imeshuka, lakini daftari ndilo litakaloonyesha kama mzunguko wa siku 41 umekuwa wa 33, kama siku tisa zimekuwa 12, kama matone ya kahawia yamekoma. Kama baada ya miezi mitatu au minne damu imekaa sawa na mchoro haujasogea, daktari atajua kuna jingine la kutafuta, na hutapoteza mwaka mwingine.

Basi liandike vizuri. Kipimajoto kiwe cha desimali mbili, kwa sababu tunatafuta tofauti ya nyuzi 0.2 hadi 0.5 tu. Pima saa ileile, umelala angalau saa tatu mfululizo, kabla ya kuongea na simu. Siku ya mkesha kanisani, siku ya homa, siku ya kuamka usiku kumhudumia mgonjwa, andika na uweke duara, joto la siku hizo lisihesabiwe. Malaria na dengi zinapandisha joto kuliko yai lolote. Ute uuangalie kwa karatasi kabla ya kukojoa. Ule wa kuvutika na kuteleza kama ute wa yai bichi ndio unaotangulia, joto linakuja nyuma yake kuthibitisha. Kama umefundwa kujiosha ndani kwa kidole na sabuni, hutauona, kwa sababu unauosha. Osha nje tu. Usitegemee vile vijiti vya mkojo vya kupimia yai mpaka PCOS iondolewe kwenye orodha, maana kwa wenye hali hiyo vinaweza kuonyesha mistari miwili siku baada ya siku bila yai kutoka.

Vile vipira na maji meusi, acha. Uchafu uliotoka ni ngozi laini ya uke iliyochubuliwa ikijitetea. Kizazi hakisafishwi kwa kupita ukeni, na prolaktini haiko huko. Ukipata homa, maumivu ya chini ya kitovu au harufu mbaya, sema hospitalini kwamba uliviweka. Usione haya, wanaviona kila wiki.

Programu ya simu nayo haijakupima chochote. Imechukua tarehe zako ikakisia yai la siku ya 14, kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa. Lakini hebu angalia ilichowafanyia. Yai linaishi kama siku moja, mbegu zinaweza kusubiri hadi siku tano, kwa hiyo nafasi ya mimba ni zile siku tano kabla ya yai na siku yenyewe. Kwako, kwenye mzunguko wa 36, hiyo ni kama siku ya 21 hadi ya 27. Ninyi mmekuwa mkijitahidi siku ya 12 mpaka ya 16. Inawezekana sehemu kubwa ya ndoa yenu mmekuwa mkiwahi mno na kuacha wakati ndiyo inaanza! Kuanzia sasa mfuateni ute, siyo simu. Na kwa kuwa mizunguko yako haitabiriki, kukutana kila baada ya siku mbili tatu kutafunika zote bila kumgeuza mwenzio kuwa mfanyakazi wa zamu.

Tumfikie yeye. Baba, najua utasomewa hii. Kila kitu kufanya kazi ni habari njema, lakini kazi hiyo na idadi ya mbegu ni vitu viwili, na cha pili hakionekani kwa macho. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo chenyewe hakina sindano. Mtu anakaa bila tendo siku mbili hadi saba, anatoa shahawa kwenye kikopo, basi. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 vinaweka mpaka wa chini kwenye ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Tolea hukohuko maabara, kwenye chumba chao. Sampuli inatakiwa ifanyiwe kazi ndani ya saa moja, na foleni ya Buguruni unaijua mwenyewe. Mkeo atatobolewa mara nyingi mwaka huu, na kuna vipimo vyake, kama kile cha kuangalia mirija kwa dawa na picha, vinavyouma. Si haki aanzishwe safari hiyo wakati kikopo bado hakijajazwa.

Wewe, mwanangu, ukimwambia, usimwambie kwamba huenda tatizo ni yeye. Mwambie daktari amekataa kuendelea bila majibu ya wote wawili. Madaktari wengi husema hivyo kweli, kwa hiyo si uongo, ni kumtanguliza daktari. Kwa mama mkwe muache mwanawe ndiye ajibu, kwa neno moja: tunahudumiwa.

Usiende kliniki na daftari zima ukamfungulia daktari kurasa 190. Hana muda huo na ndipo wengine wanapocheka. Nakili kwenye karatasi moja: urefu wa kila mzunguko, siku joto lilipopanda, siku ngapi lilikaa juu, siku za matone. Chini yake andika maziwa, uchovu, baridi, choo, nywele, na kila dawa uliyomeza, pamoja na ya chupa. Miaka mitatu ya kutafuta inatosha kuomba rufaa. Hospitali ya Amana haiko mbali na kwenu, na huko omba kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake. Akitaka na homoni za mwanzo wa mzunguko, FSH, LH na estradioli, hizo huchukuliwa siku ya pili hadi ya nne ya damu, kwa hiyo panga tarehe mapema na tajiri yako wa dukani. Uliza bei kabla ya kukubali kifurushi kizima cha homoni. TSH, prolaktini, na projesteroni ya tarehe sahihi, pamoja na kikopo cha mzee, ndivyo vya kwanza.

Anza na asidi foliki ya mikrogramu 400 kila siku, bila kungoja majibu yoyote.

Na siku joto litakapopanda likakaa juu siku 18 bila damu, pima mkojo. Kama utakuwa tayari unameza dawa ya tezi, usiiache kwa kuogopa kumdhuru mtoto, watu wengi hukosea hapo. Mimba inaitaka zaidi, na kipimo cha kidonge mara nyingi huongezwa tangu wiki za mwanzo, kwa hiyo nenda ukapimwe TSH wiki hiyohiyo uliyoona mistari miwili.

Anti